Fundi Anayeonja Maji Yaliyoingia Bila Hodi

Maji yamekupwa katika gati la kisiwa cha Tobuse, na jua la asubuhi ndiyo kwanza linagusa vigae vya mapaa. Bi. Orie Kuwabara amelala kifudifudi ndani ya mashua ndogo ya tanga, viatu vyake vya mpira vikining'inia nje ya ubavu. Mkono wake wa kulia umezama hadi kiwikoni ngamani, kule tumboni mwa chombo ambako maji yote yaliyoingia bila hodi hukusanyika.

Anautoa mkono. Anakitazama kidole, kisha anakilamba.

"Haya si ya bahari," anasema, kichwa kikiwa bado kule chini. "Wala si ya mvua. Shemeji Toku, humu mna nini?"

Mwenye mashua, mzee Tokumatsu Irifune, amesimama gatini ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Anatazama kilima. Anatazama feri inayopita mbali. Kila kitu anakitazama, ila mashua yake haitazami.

"Mashua ni kuukuu," anasema hatimaye. "Itakosa kuwa na ladha?"

Pembeni yake, binti yake Mikiyo, aliyevuka kwa feri ya kwanza kutoka Okayama, anashusha pumzi. Yeye ndiye aliyemwita Bi. Orie. Yeye ndiye pia aliyetoa sharti ambalo kisiwa kizima kinalijua: kama mvujo wa mashua hii, Chidori, hautapatikana kabla ya Obon, siku za kuwapokea marehemu, basi mashua itachomwa ufukweni. Obon ni wiki ijayo.

Bi. Orie ana miaka sitini na sita, na katika visiwa vya upande huu ndiye fundi pekee aliyebaki ambaye kazi yake hasa ni kutafuta mahali mashua za mbao zinapovuja. Wateja wake ni wavuvi wachache wa mshipi ambao hawataki kuachana na tanga, na watu wa mjini walionunua mashua za babu zao na sasa hawajui wazifanye nini.

"Mwezi mzuri napata kama yeni laki moja," anasema. "Mwezi mbaya napata samaki. Lakini samaki wenyewe ni wazuri, siwezi kulalamika."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko baharini hata nafasi ya kuujenga huo ukuta hupewi. Kwa hiyo watu humwita kwa haraka. Akifika yeye hana haraka hata kidogo. Huomba kikombe cha maji asukutue mdomo, kisha hulala chini na kuanza kuonja.

"Maji ni muongo," anaeleza. "Yanaingia mbele, yanatokea nyuma. Ukiyaamini kwa macho utaziba palipo pazima na kuacha palipooza. Ulimi haudanganyiki. Ya bahari yanachoma. Ya mvua yana ladha ya tanga na vumbi la sitaha. Nikishajua yametoka wapi, kutafuta njia yaliyopitia ni kazi ndogo."

Hakuzaliwa baharini. Alitoka milimani, kwenye familia ya wakulima wa chai, akaolewa Tobuse bila kujua kuogelea, na mpaka leo hajui. Zaidi ya hayo, anatapika. Mawimbi kidogo tu, hata feri ya kwenda sokoni, humgeuza rangi. Wanakisiwa wanalifahamu hilo na hawachoki kumtania: fundi wa mashua asiyepanda mashua.

Mumewe, Heizo, alikuwa mjenzi wa mashua, mwana wa mjenzi wa mashua. Siku moja aliteleza kwenye gogo la kuteremshia vyombo, akavunjika mgongo, na tangu hapo hakuweza kutambaa chini ya chombo. Akawa analala kwenye mkeka mlangoni mwa banda, na mkewe ndiye aliyetambaa kwa niaba yake.

"Alikuwa akipiga kelele huyo!" anasema Bi. Orie, akicheka hadi macho yanalowa. "'Kushoto! Kushoto kwangu, siyo kwako!' Mimi nimo chini ya mashua, tope mdomoni, namwambia, 'Wewe mwanamume, kushoto kuna ngapi?' Lakini alinifundisha kila kitu. Ningekuwa na mume mzima ningebaki kupika tu."

Heizo alipofariki, wanaume walianza kupeleka vyombo vyao ng'ambo. Hawakumsema vibaya. Walimsalimu, walimletea viazi, lakini mashua zao zilipita mbele ya banda lake bila kusimama. Bi. Orie anasema zile siku alikuwa anafagia banda safi ili tu mikono ipate cha kufanya.

Aliyevunja ukimya huo ni Kinue, mke wa mzee Tokumatsu. Mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, muuza pweza wakavu, ambaye watu walikuwa wakimsikia kabla hawajamwona. Alipiga makasia mwenyewe hadi mbele ya banda, akairusha kamba na kusema, "Inavuja. Ziba."

Bi. Orie alitafuta mvujo kutwa nzima. Alilamba, alipapasa, alijaza maji ndani na kutazama kama yatachuruzika nje. Jioni alikwenda kwa Kinue akiwa na hofu, maana hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza akiwa peke yake, na alikuwa amekosa.

"Nilimwambia, 'Shemeji, nisamehe, hii mashua haivuji,'" anakumbuka. "Akaniangalia weee. Halafu akasema, 'Najua haivuji. Nilitaka kujua kama utanidanganya.'"

Kesho yake Kinue alipita nyumba hadi nyumba na pweza wake, na kila alipouza pweza mmoja alitoa na habari moja. Kabla mwezi haujaandama, mashua zilianza kusimama tena mbele ya banda.

Kinue alifariki miaka mitatu iliyopita. Na Chidori, mashua ambayo haikuwahi kuvuja, ikaanza kuvuja.

Ulikuwa ni mvujo wa ajabu. Ikikaa gatini, maji machache tu. Ikipandishwa ufukweni na kujazwa maji, tone halitoki. Lakini ikipandisha tanga na upepo ukashika, maji yanafurika ngamani. Mafundi wa ng'ambo walikalafati kila mshono, walibadilisha misumari, mmoja akaibandua rangi yote na kuipaka upya. Mzee aliendelea kuvua madai, samaki wale wekundu anaowapenda, mkono mmoja ukishika mshipi na mwingine ndoo.

Mwezi uliopita upepo ulimkuta peke yake katikati ya mlangobahari, na maji yalipanda hadi kwenye muundi. Alivutwa na mashua ya wavuna mwani. Mikiyo alipigiwa simu na jirani, si na baba yake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kwa nini basi mzee hakumwita Bi. Orie tangu mwanzo, fundi aliye jirani yake, aliyeinuliwa na mkewe? Kisiwa kizima kilikuwa kinajiuliza swali hilo. Jibu linapatikana asubuhi hii.

Bi. Orie anachovya kidole mara ya pili, safari hii karibu kabisa na kitako cha mlingoti, lile gogo zito lililotobolewa ili mlingoti usimame ndani yake. Analamba. Anakaa kitako, anapangusa mkono kwenye suruali, na kumtazama mzee usoni.

"Shemeji. Hii ni chai."

"Chai gani?"

"Chai ya shayiri. Tena ya kuungua, kama unavyoichemsha wewe."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mzee Tokumatsu anavaa kofia, anaivua, anaivaa tena. "Nilijua utalamba," anasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana sikukuita."

Ndani ya kile kitako cha mlingoti, baba yake Heizo, aliyeijenga Chidori, alichimba kitundu na kuweka humo funadama, uhai wa mashua: wanasesere wawili wa karatasi, dadu mbili, sarafu kidogo, na kishungi cha nywele za mke wa mwenye chombo. Kisha akakiziba kwa kipande cha mbao. Kitundu hicho hakifunguliwi. Kila mwaka mpya mwenye mashua hukimiminia sake kidogo, ile pombe ya mchele, kushukuru, basi. Lakini tangu alipofiwa, mzee amekuwa akishuka gatini kila asubuhi na birika, na kuimimina chai ya mkewe pale pale, kikombe kizima.

"Baba," anasema Mikiyo, "nyumbani si kuna madhabahu ya mama? Mbona pale kikombe chake siku zote ni kikavu?"

"Pale pana picha tu," anajibu mzee. "Yeye mwenyewe yuko huku."

Hakuna anayecheka. Bi. Orie anavuta pua, kisha anazungumza polepole, maana anajua anachokisema kitamuumiza mtu.

"Bahari haiozeshi mbao, shemeji. Inazitia chumvi, zinakaa kama samaki wa chumvi. Kinachoziua ni maji matamu. Chai yako inashuka kando ya gogo, inalala chini yake, haina pa kutokea. Ubao wa chini umeoza. Mashua ikitulia, gogo linaufunika. Ukipandisha tanga, mlingoti unasukuma, gogo linacheza, na bahari inapita. Lazima nilinyanyue. Na nikilinyanyua lazima nikifungue kitundu, kwa sababu gogo lenyewe nalo limeshaoza."

"Humgusi," anasema mzee Tokumatsu.

"Shemeji..."

"Nimesema humgusi! Aliyefunga ndiye anayefungua, na aliyefunga amekufa. Bora ichomwe. Ichomwe na yeye ndani, yaishe."

Bi. Orie habishani. Anakusanya vifaa vyake na kwenda zake, akiwa ameumia, na anakiri kwamba alikuwa na hofu vilevile. Hakuna mkono wa mwanamke uliowahi kufungua kitundu kama kile, na mkono wa mwanamke kutoka milimani ndiyo usiseme. Lakini hofu kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Mashua aliyopewa na Kinue kama kazi yake ya kwanza ingekuwa majivu, na yeye ndiye aliyetaja kilichoiua.

Aliyemgeuza mzee ni yule yule aliyetaka mashua ichomwe. Jioni hiyo, baba na binti wakiwa mezani, wali ukipoa, Mikiyo aliweka vijiti chini.

"Nilimwambia, 'Baba, mama tulishamchoma mara moja, siku ya mazishi yake,'" anasimulia. "'Nilikuwepo, nilikuwa nimekushika mkono. Unataka tumchome tena?'"

Mzee alilia. Hakuwa amelia siku ya mazishi, anasema Mikiyo, na kulia kwake kulikuwa kwa sauti, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata Bi. Orie alioga, akavaa nguo safi, akaweka chumvi, mchele na chupa ya sake mbele ya mlingoti. Chupa haikufunguliwa. "Leo hakuna kumwaga kitu," alimwonya mzee. "Kama una kiu, kunywa mwenyewe." Mlingoti uling'olewa na vijana wa gatini. Gogo lilitoka kwa shida, na chini yake ubao ulikuwa laini kama mkate uliolowa, kidole kilizama.

Patasi ilikata kizibo. Wanasesere wa karatasi hawakuwepo tena, walikuwa wamegeuka tope. Sarafu zilikuwa za kijani, dadu zimegandana. Kisha kikatoka kifurushi kidogo cha karatasi ya mafuta kilichofungwa kwa uzi mwekundu, na Bi. Orie akakiweka kwenye kiganja cha mzee bila kukifungua.

Mzee alikifungua mwenyewe. Nywele zilikuwa nzima. Zilikuwa nyeusi tititi, zinang'aa, nywele za mwanamke wa miaka ishirini na kitu.

"Nilishasahau," alisema mzee Tokumatsu. "Nilishasahau kama zilikuwa nyeusi."

Kwa miaka ya mwisho alimjua Kinue wa mvi, kisha Kinue wa hospitali aliyevaa kitambaa kichwani. Huyo ndiye aliyekuwa akimpelekea chai. Mikiyo alisogea, akavuta shungi la nywele zake mwenyewe, zenye mvi pande zote mbili, akaliweka kando ya lile la mama yake. Ana miaka hamsini na tatu.

"Tazama," alisema. "Mama ni mdogo kwangu."

Hapo ndipo alipoomba mkasi. Hakuna aliyemwambia, na Bi. Orie anasisitiza hilo kila anaposimulia, kwa sababu nywele za funadama haziombwi kwa nguvu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Bi. Orie alikata sehemu iliyooza na kuchonga kiraka cha mwerezi, akakipima, akakiranda, akakipima tena. Kisha akafanya kile mafundi wa huku wanachokiita kuua mbao: alizipigapiga kingo za kiraka kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka zikabonyea na kuwa nyembamba. Mbao iliyouawa hivyo huingia kwenye nafasi yake kwa urahisi. Ikishakunywa maji ya bahari hufufuka, huvimba, na kubana kiasi kwamba hata unywele haupiti. Kwenye mshono alishindilia maganda laini ya mti wa hinoki, aliyoyasokota mwenyewe kwenye paja.

Gogo jipya lilipokuwa tayari, na kitundu kipya kimechimbwa, mzee aliweka wanasesere wapya na zile sarafu na dadu za zamani. Mikiyo aliweka mashungi mawili, jeusi na la mvi, yamefungwa kwa uzi mmoja. Kila mtu alisema lake. Mzee alinong'ona kitu ambacho hakutaka kiandikwe, na hatukukiandika.

Ikabaki zamu ya Bi. Orie, kizibo mkononi.

Miaka yote ile, anasema, hakuwahi kumshukuru Kinue. Si kwamba hakutaka. Mara ya kwanza alipojaribu, akiwa na boga zuri mikononi, Kinue alimkatiza: "Ukinishukuru, mashua naipeleka ng'ambo. Sikuletei kazi ili uniinamie." Alikuwa anamaanisha. Basi Bi. Orie alinyamaza, mwaka baada ya mwaka, shukrani imemkaa kooni, hata pale kitandani hospitalini ambapo Kinue alimtishia tena kwa kidole.

"Nikainama, nikasema, 'Shemeji Kinue, asante,'" anasimulia. "Halafu nikakigonga kizibo harakaharaka kabla hajanijibu."

Chidori ilishushwa majini siku moja kabla ya Obon. Mikiyo ndiye aliyeingia na baba yake, amevaa koti la kujiokolea, uso umekakamaa. Hawakufika mbali. Tanga lilipojaa tu, sauti ya Mikiyo ikasikika hadi gatini.

"Shangazi! Inavuja! Inavuja!"

"Iache inywe!" alipaaza sauti Bi. Orie, mikono kiunoni. "Mbao ina kiu! Wewe ukifufuka hutaki maji?"

Walizunguka ghuba, wakazunguka tena. Waliporudi, Bi. Orie alilala kifudifudi mahali pake pa siku zote na kupeleka mkono ngamani. Kulikuwa na unyevu tu uliokuwa unakauka. Aliuonja. Ulikuwa wa chumvi, safi, hauna kingine chochote. Mzee Tokumatsu alikuwa amesimama juu yake, kofia mikononi.

"Imefunga," alimwambia. Mikiyo akakaa chini gatini, akaishika nguzo ya kufungia kamba, na kusema amelighairi lile neno la kuchoma. Wala hakuna aliyekuwa bado analisubiri.

Malipo yamekwisha kutolewa, na samaki juu yake. Lakini Bi. Orie ana jambo moja zaidi analolitaka, na amelisema mwenyewe kwa mzee, jambo lililowashangaza wote wanaomjua. Baada ya Obon, siku ya upepo mwanana, anataka achukuliwe na Chidori mpaka kwenye maji ya kuvulia madai, ng'ambo ya mlangobahari, kisha arudishwe.

"Wewe?" aliuliza mzee Tokumatsu. "Si utatutapikia tanga?"

"Nitatapika," anasema Bi. Orie, akifuta patasi zake moja moja na kuzirudisha kwenye kitambaa. "Nitabeba ndoo yangu. Nitakaa pale chini, karibu na mlingoti, niweke kiganja kwenye mbao. Mtu aliyenipa kazi yumo humo ndani, na miaka yote hii hatujawahi kusafiri pamoja."